Kamba Iachike: Hotuba kwa Manahodha na Mafundi wa Vyombo vya Matanga, Nungwi

Hotuba hii ilitolewa Nungwi, Unguja, katika kipindi cha maleleji, pepo zinapobadilika, vyombo vingi vikiwa vimelazwa ufukweni kwa matengenezo. Inawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya waliokuwa safarini na waliozuiwa na shughuli nyingine.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Sheha, wazee wetu, manahodha, mafundi, mabaharia, kina mama wenye vyombo na kina mama msokotao kamba, na nyinyi vijana mnaopeleka wageni visiwani Mnemba na Tumbatu: nawashukuru kwa kuacha kazi zenu na kuja kukaa chini ya kivuli hiki. Najua wapo wanaosubiri maji yajae ili vyombo vyao vielee, kwa hiyo sitazunguka.

Nimeombwa nizungumze juu ya vifaa vya sitahani na namna tunavyoendesha kamba zetu. Kabla ya kikao hiki nilipita ufukweni nikavitazama vyombo vilivyolazwa. Nimeona mashua zilizopakwa rangi vizuri na kutiwa kalafati safi. Juu ya sitaha zake, hata hivyo, nimeona winchi (mashine za kuvutia kamba) zilizong'olewa kwenye yoti kuukuu, vibano vyenye meno, roda (kapi) za kila umbo, pete, kulabu na vigingi vya plastiki, vyote vimekazwa kwa skurubu kila palipopatikana nafasi. Nawauliza, ndugu zangu: nani kati yetu anaweza kupita juu ya sitaha yake, akanyoosha kidole kwenye kila kifaa, akasema kinafanya kazi gani? Na kati ya vifaa hivyo, ni kipi ambacho kikitolewa leo chombo kitashindwa kwenda Mnemba kesho?

Neno nililokuja nalo ni moja, na nitalirudia mpaka mlichoke. Sisi tunavipima vifaa vya kamba kwa jinsi vinavyosaidia kuvuta. Naomba kuanzia leo tuvipime kwa jinsi vinavyoachia. Kuvuta kuna subira. Ukishindwa utamwita mwenzako, mtavuta wawili. Kuachia hakuna subira. Kuachia kunatakiwa sasa hivi, kwa mkono mmoja, gizani, mvua ikipiga usoni na wageni wakipiga kelele. Kamba ambayo haiachiki ni hatari hata kama imefungwa kwa kifaa cha bei kubwa kuliko vyote vilivyomo chomboni.

Nitawapa kisa. Nimekisikia kwa nahodha mwenyewe, na amenikubalia nikisimulie bila ya kumtaja. Mashua yake ilikuwa inarudi Nungwi alasiri, wakati wa kusi, na wageni ndani yake. Demani, yaani kamba ya kukazia na kulegezea tanga, ilikuwa imepitishwa kwenye kibano chenye meno kilichokazwa ukingoni. Nyote mnavijua vibano hivi: meno mawili yanayoibana kamba zaidi kila tanga linapoivuta. Ili kukifungua, baharia anatakiwa aivute kamba kuelekea kwake kwanza, kisha ainyanyue itoke katikati ya meno. Upepo wa kawaida ukiwapo, hilo ni jambo la kufumba na kufumbua. Lakini siku hiyo wingu jeusi lilitokea baharini na dharuba ikawapiga ubavuni. Mashua ikalala. Kijana aliyekuwa na demani alikuwa upande wa chini, maji yanamfika magotini, na kamba imebeba nguvu zote za tanga. Ataivutaje kuelekea kwake kamba ambayo watu watatu hawawezi kuivuta? Akaivuta, ikakataa. Akakipiga kibano teke, kikakataa. Aliyewaokoa ni mwenzake aliyekuwa na kisu cha samaki kiunoni, akaikata demani. Mashua ikanyanyuka, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu kila mtu akarudi nyumbani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Katika dharuba hiyo hiyo, si mbali na hapo, alikuwapo mzee mmoja na ngalawa yake. Demani ya mzee yule ilikuwa imezungushwa mara mbili kwenye mti laini, na mwisho wake ulikuwa mkononi mwake. Hakuvuta, hakunyanyua, hakupiga teke. Alifungua vidole. Kamba ikateleza kwenye mti, tanga likapumua, ngalawa ikasimama wima, na mzee akaendelea kungoja dharuba ipite.

Kwa nini mti laini na mizunguko miwili ya kamba vilifanya kazi ambayo kifaa cha kisasa kilishindwa? Hapa pana hesabu ambayo wazee wetu waliijua kwa mikono yao. Mzunguko mmoja kamili wa kamba kwenye mti huweza kuufanya mkono uzuie mzigo mara 4 hadi 5 ya nguvu zake, ikitegemea ulaini wa mti na aina ya kamba. Mzunguko wa pili hauongezi tu juu ya ule wa kwanza. Unauzidisha, hata ukafika mara 20 na zaidi. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na miwili, akiwa na mizunguko miwili, anaweza kuzuia demani ambayo bila ya mti ingemrusha baharini. Akitaka kulegeza kidogo, analegeza mkono kidogo. Akitaka kulegeza sana, anatoa mzunguko mmoja. Akitaka kuachia kabisa, anafungua mkono. Mti huo hauna springi ya kukatika, hauna meno ya kuliwa, na hauna upande wa juu wala wa chini. Ni kifaa kimoja kinachoshika na kuachia kwa mwendo ule ule.

Basi jaribio langu la kifaa chochote cha kamba ni hili, na naomba mlifanye kila mmoja kwenye chombo chake. Tweka tanga siku yenye upepo wa kutosha, kamba ikaze kweli kweli. Fumba macho. Tumia mkono mmoja tu, na uwe ule usiouzoea. Je, unaweza kuiachia? Kama huwezi, kifaa hicho hakifai kwenye demani, hata ungekuwa umepewa bure.

Kuna jambo la kuangalia hapa, hasa kwa vyombo vyetu vya foromali, yaani ule mti mrefu unaobeba tanga. Kuachia si kutupa. Demani inaweza kuachwa yote, lakini henza, kamba ya kutwekea foromali, haiwezi. Kwenye yoti za wageni mlingoti hushikiliwa na nyaya za chuma pande zote, wakati kwetu ile henza na jarari yake (kamba na roda za kuivutia henza), zikifungwa nyuma ya mlingoti, ndizo zinazoushikilia mlingoti usiangukie mbele, pamoja na kubeba foromali. Mwenye kuitupa henza anaangusha foromali juu ya vichwa vya watu na anauacha mlingoti bila ya mshikilizi kwa wakati mmoja. Henza inateremshwa kwa kupunguza mizunguko, polepole, mtu ametia miguu imara. Ndiyo maana naomba mti wa henza uwe mnene, uwe mrefu wa kutosha mizunguko mitatu au minne, na uingie mpaka kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, badala ya kupigiliwa juu ya ubao wa sitaha.

Nije kwenye jambo la pili, nalo ni kona, yaani kila mahali kamba inapogeuzwa njia.

Lazima tuseme kwa haki vifaa hivi vimetoka wapi. Zamani majahazi yalikuwa na mikono mingi. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait kutoka Aden hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, na aliyoyaona ni yale ambayo babu zetu waliyaona katika bandari hii kila kaskazi: kundi zima la mabaharia likivuta kwa pamoja, kwa wimbo na kwa kukanyaga sitaha, mpaka foromali kubwa ifike juu. Leo mashua ya wageni ina mabaharia wawili au watatu. Mikono imepungua, na sisi tumeijaza nafasi yake kwa vyuma. Simlaumu mtu kwa hilo. Ninachosema ni kwamba chuma kikiwekwa bila ya hesabu kinaongeza kazi badala ya kuipunguza.

Mfano mzuri ni yoti moja iliyotia nanga mbele ya Mji Mkongwe. Wenyewe walikuwa mume na mke, watu wazima, waliochoka. Kamba yao ya kutwekea tanga kubwa ilikuwa imeletwa nyuma, kwa nia njema kabisa, ili wasilazimike kwenda kwenye mlingoti. Ilitoka kwenye tanga, ikapita roda ya juu ya mlingoti, ikateremka mpaka roda ya chini, ikageuka kwenye roda ya kona juu ya paa la chumba, ikageuka tena kwenye roda nyingine ukingoni, ikapita kwenye kibano, ndipo ikafika kwenye winchi. Kona nne. Wakamwita fundi wa hapa awafungie winchi kubwa zaidi, kwa sababu tanga lilikuwa halipandi.

Fundi yule, na mimi namheshimu sana kwa hili, hakufunga winchi. Aliketi akahesabu kona. Tuseme kila kona inakula sehemu moja ya kumi ya nguvu, na kwa roda iliyojaa chumvi na mchanga hicho si kiasi kikubwa. Tanga la kilo 40 likipita kona moja linataka mvuto wa kilo 44 na kitu. Likipita kona nne linataka kilo 61. Hizo kilo 21 za ziada haziinui tanga; zinasugua kamba na kula roda. Na hasara hiyo inarudi tena wakati wa kuteremsha, maana kona zile zile zinaizuia kamba isirudi. Tanga linateremka kwa kusuasua, linakwama katikati, na mtu analazimika kwenda mbele kulivuta kwa mikono wakati mbaya kuliko wote. Yaani kile kilichowekwa ili watu wasiende kwenye mlingoti ndicho kilichowapeleka kwenye mlingoti!

Fundi akazitoa roda mbili na kibano, akaifunga winchi ile ile ya zamani kwenye mlingoti, na kamba ikavutwa hapo hapo inapoteremkia. Wale wazee wakatweka tanga wenyewe mchana ule.

Kona ina ubaya mwingine unaosahauliwa. Roda inayogeuza kamba haibebi mzigo wa kamba peke yake. Kamba yenye mzigo wa kilo 200 ikigeuzwa kwa nyuzi 90, inaivuta roda kwa karibu kilo 283. Ikigeuzwa ikarudi ilikotoka, roda inabeba kilo 400, kwa sababu kamba inavuta kwa pande zake zote mbili. Mmeshawahi kuona roda imeng'oka na kuruka? Wengi wenu mnaitikia kwa kichwa. Basi jueni kwamba mara nyingi kamba ilikuwa nzima na roda ilikuwa nzima. Kilichoshindwa ni skurubu mbili fupi zilizoingizwa kwenye ubao laini, zikitakiwa kushika mara mbili ya mzigo ambao fundi aliufikiria. Wazee walisema kamba hukatikia pabovu. Kwenye sitaha zetu pabovu ni pale kamba inapogeuzwa bila ya ulazima.

Kanuni ninayoipendekeza ni nyepesi kuisema na ngumu kuifuata: kamba ipite njia fupi, kwa kona chache, na kona isiyoepukika ipewe roda yenye gurudumu kubwa, iliyokazwa kwa bolti inayopenya ubao na kubanwa chini kwa kipande kipana cha mti mgumu. Gurudumu kubwa linazunguka kwa wepesi na haliikunji kamba sana. Roda moja kubwa na nzuri ni bora kuliko roda nne ndogo.

Nataka sasa niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu wapo vijana wanaodhani kupunguza vifaa ni umaskini, na kwamba mwenye uwezo angeongeza.

Nahodha Joshua Slocum wa Marekani alikuwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia akiwa peke yake chomboni. Aliondoka Boston Aprili 1895 na akamaliza safari yake Juni 1898. Chombo chake kiliitwa Spray, chenye urefu wa mita 11 hivi, na kilipita hata katika Bahari ya Hindi yetu hii, kutoka visiwa vya Cocos kwenda Rodrigues, Mauritius na Durban. Sasa, kabla ya kuingia katika mlango wa bahari wa Magellan, mahali penye pepo kali kuliko nyingi duniani, Slocum alifanya nini? Alikuwa Buenos Aires, mji wenye kila kifaa. Je, aliongeza roda? Aliongeza winchi? Aliukata mlingoti wake ukapungua zaidi ya mita 2, na mti wa mbele akaufupisha kwa mita moja na nusu. Alipunguza tanga ili lilingane na mikono miwili aliyokuwa nayo, badala ya kutafuta vyuma vya kuifanya mikono miwili ilingane na tanga.

Wa pili ni Blondie Hasler, afisa mstaafu wa Royal Marines wa Uingereza. Mwaka 1960 yalifanyika mashindano ya kwanza ya kuvuka Atlantiki kila mtu akiwa peke yake, kutoka Plymouth hadi New York, na vyombo vilikuwa vitano tu. Hasler alikwenda na chombo kidogo kiitwacho Jester, chenye urefu wa mita 7 na nusu hivi. Alikuwa ameondoa tanga lake la kawaida na kuweka tanga la Kichina, lenye fito zinazolikata vipande vipande, kwenye mlingoti usio na waya hata mmoja wa kuushikilia. Kamba zote zilifika kwenye tundu moja katikati ya sitaha, na yeye alisimama humo ndani. Akitaka kupunguza tanga aliachia kamba ya kutwekea, na fito zikajilaza zenyewe, moja juu ya nyingine. Francis Chichester alishinda kwa siku 40 kwa chombo kikubwa zaidi. Hasler alikuwa wa pili kwa siku 48.

Hapa naomba tuwe waangalifu, kwa sababu ukilitazama tanga la Kichina kwa makini utaona demani yake ni ndefu sana na inapita katika roda kadhaa ili kushika fito nyingi. Kwa hesabu ya roda, Hasler hakuwa na chache. Kilichopungua ni mambo ya kufanya. Dharuba ikija, jambo la kufanya lilikuwa moja: achia. Kwa hiyo msiende nyumbani mkahesabu vyuma tu. Hesabuni hatua. Ili kupunguza tanga kwenye chombo chako, unagusa kamba ngapi, na unahama mara ngapi kutoka sehemu moja kwenda nyingine?

Nimeona yoti ambazo kamba ya kupunguzia tanga iko nyuma na kamba ya kuteremshia iko kwenye mlingoti. Baharia mmoja anakimbia mbele analegeza, anarudi nyuma anavuta, anagundua amelegeza kidogo, anakimbia tena mbele. Kazi moja, kamba zake zote zikae mahali pamoja. Ama zote kwenye mlingoti, ama zote nyuma. Mimi binafsi nazipenda kwenye mlingoti, lakini mtu mzima anayesafiri peke yake, mwenye magoti mabovu, ana haki ya kuzileta nyuma, alipe gharama ya kona, na asiambiwe kwamba amekosea.

Sasa nizungumze na mafundi.

Kila tundu unalotoboa kwenye sitaha ni mlango wa maji. Maji ya chumvi peke yake hayaozeshi mti haraka. Maji ya mvua ndiyo yanayouozesha, na sitaha zetu zinapata yote mawili. Kifaa kikikazwa vizuri leo, kamba inakitikisa kila siku, gundi ya kuzuia maji inaachana na chuma kwa unene wa unywele, na mvua ya masika inapata njia. Juu huoni kitu. Ukija kukifungua baada ya miaka michache, unatoa skurubu kwa vidole, na ubao ulio chini yake unatoboka kwa kijiti.

Na chuma cha pua, ambacho tunakiamini kwa sababu kinang'aa, kina siri mbaya. Hakipati kutu kwa sababu uso wake una utando mwembamba unaojitengeneza kwa hewa. Ndani ya tundu lenye maji ya chumvi yaliyotuama, hewa haifiki, utando unakufa, na chuma kinaliwa ndani kwa ndani. Nilishikishwa bolti moja iliyotolewa kwenye ukingo wa mashua. Kichwa chake kilikuwa kinang'aa kama kipya. Shingo yake, pale palipokuwa katikati ya ubao, ilikuwa imeliwa pande mbili ikabaki nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, yenye rangi ya kahawia na vitundu vidogo vidogo. Kwa macho ya mtu aliyesimama sitahani, bolti ile ilikuwa nzima kabisa.

Tufanyeje? Nasema: kabla ya kutoboa, funga. Roda nyingi zinaweza kufungwa kwa kamba kwenye mti ulioko tayari, kwenye taruma, kwenye boriti ya sitaha, kwenye mguu wa mlingoti. Kamba nyembamba, mizunguko minane au kumi, kila mzunguko umekazwa sawa na mwenzake, ina nguvu za kutosha, haitoboi kitu, na ikichakaa unaiona kwa macho. Hilo la mwisho ndilo kubwa: kamba inakuonesha ugonjwa wake, wakati bolti inauficha. Waundaji wa mitepe ya pwani hii walishona ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi, bila ya msumari, na wakatweka matanga ya mkeka wakasafiri. Sisi tunashindwaje kufunga roda moja kwa kamba?

Siku hizi wenye yoti za mashindano huko Ulaya wamerudi kwenye jambo hilo hilo. Wanatumia vitanzi vya kamba mpya yenye nguvu nyingi mahali palipokuwa na shakeli za chuma, na pete laini isiyo na gurudumu mahali palipokuwa na roda. Pete hiyo inafaa sana pale kamba inapopinda kidogo tu. Pale inapogeuka kona kubwa, kamba inasugua, na hapo roda yenye gurudumu bado ni bora.

Kuhusu kamba zenyewe nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wengi mnazijua. Nailoni inavutika, kwa hiyo ni nzuri kwa nanga na mbaya kwa henza, maana tanga litakuwa linashuka kila upepo ukizidi. Poliyesta haivutiki sana, nayo inafaa kwa henza na demani. Zile kamba rahisi zinazoelea, za buluu na za kijani, jua letu la nyuzi 6 kusini mwa ikweta linazimaliza; zikianza kutoa unga mkononi, zitoeni chomboni, zisibaki hata kwa kufungia ndoo. Kamba ya makumbi, ambayo kina mama wanaifukia ganda lake mchangani kwa miezi na kuipiga kwa mikono yao, bado ina kazi yake pale panapotakiwa kamba inayoshika mti bila ya kuteleza. Fundo la kawaida linaweza kupunguza nguvu ya kamba kwa theluthi moja au zaidi, wakati kitanzi kilichosukiwa na mtu anayejua, ncha ya kamba ikiingizwa ndani ya kamba yenyewe, kinapoteza kidogo sana. Basi mwisho wa henza usukiwe. Na unene wa demani uchagueni kwa ajili ya kiganja. Kamba nyembamba inaweza kuwa na nguvu za kutosha tanga, lakini inakata mikono, na mkono uliokatwa hauachii kwa wakati. Milimita 12 ni kiasi kinachoshikika.

Najua kuna swali linalowasumbua wenye biashara. Mgeni akipanda anapenda kuona vyuma vinang'aa, anadhani hapo ndipo pana usalama. Nakubali kwamba hilo lipo. Lakini mgeni huyo huyo anajikwaa kwenye vigingi, anakaa juu ya roda, anatia kidole kwenye kibano. Sitaha tupu inampa mahali pa kukaa na inampa baharia mahali pa kukanyaga. Na nahodha akimweleza mgeni kwa dakika mbili kwamba kamba hii ni demani, inaachiwa hivi, na akamwachia ajaribu mwenyewe, mgeni huyo ataamini usalama kwa mkono wake.

Wapo pia wanaouliza: basi tutoe kila kitu? Hapana. Winchi moja nzuri kwa chombo chenye nanga nzito au tanga kubwa ibaki, na itiwe mafuta. Roda za jarari zibaki, maana bila ya hizo foromali haipandi kwa watu wawili. Kifaa chochote ambacho mwenyewe anaweza kueleza kazi yake, na kinachoachia chini ya mzigo, kibaki mahali pake.

Kazi ninayoiomba ifanyike katika maleleji haya, kabla kusi haijakomaa, ni kama ifuatavyo. Toeni kamba zote chomboni, mzitandaze mchangani, kila moja na kazi yake. Ambayo haina kazi isirudi. Kisha toeni vifaa, muanze na vile vilivyo kwenye njia ya demani. Msitoboe tundu jipya lolote. Matundu ya zamani yazibeni kwa vipande vya mti mgumu. Halafu nendeni mkatembee ndani ya mwamba, siku ya upepo mdogo, vifaa vichache vikiwa vimefungwa kwa kamba tu, ili mahali pake paweze kubadilishwa. Tembeeni hivyo wiki kadhaa. Roda iliyofungwa kwa kamba itawaonesha yenyewe inataka kukaa wapi, kwa sababu itajivuta kuelekea mzigo ulipo. Hapo ndipo mkaze bolti, kama bado mtaona haja ya bolti.

Na mabaharia vijana wasiachwe nyuma. Kila safari, kabla ya kung'oa nanga, nahodha amtaje mtu wa demani kwa jina, na mtu huyo aiachie na kuishika tena mara tatu, mara moja akiwa amefumba macho.

Mashua nyeupe iliyolazwa pale mbele, mwenyewe ameridhia itumike leo. Vifaa vyake vimeshatolewa na viko kwenye turubai, na mafundi wawili wapo tayari na kamba na miti. Twendeni pamoja, wazee watangulie. Mwenye swali aniulize tukiwa pale, kamba ikiwa mkononi.